Mimi Ni Nani? Mwongozo wa Kutazama Filamu na Watoto Huku Biblia Ikiwa Wazi

Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi baada ya lile jambo la kumtwaa Bathsheba, mke wa mtu mwingine, hakumjia na mashtaka. Alimjia na hadithi. Kulikuwa na tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi sana, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu wa kike, aliyemlea nyumbani pamoja na watoto wake, akila chakula chake na kulala kifuani pake. Tajiri alipofikiwa na mgeni aliona uchungu kugusa mifugo yake, akamtwaa yule mmoja wa maskini akamwandalia mgeni. Daudi akawaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Ndipo nabii akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7).

Naanza hapo kwa sababu wapo wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili wanaoona haya kutumia filamu ya katuni kufundisha neno la Mungu, kana kwamba ni njia ya mkato. Nathani alijua kwamba hadithi huingia kwa mlango ambao mtu hajauwekea mlinzi. Paulo naye, akisimama Areopago kule Athene, alitaja maneno ya mtunga mashairi wa Kiyunani: "Maana sisi sote tu wazao wake" (Matendo 17:28). Hakuliidhinisha shairi zima. Alichukua mstari mmoja uliosema kweli, akautumia kama ngazi, akawapandisha wasikilizaji wake hadi kwenye habari ya ufufuo.

Filamu nyingi za familia huzunguka maswali mawili: mimi ni nani, na nimewekwa hapa kwa ajili ya nini? Nimekuja kuamini kwamba huuliza vizuri kuliko zinavyojibu. Kwa hiyo kazi yako, mzazi au mwalimu, ni kuiacha filamu iulize mpaka swali limwingie mtoto moyoni, kisha kumwonyesha jibu la Maandiko, na kutoogopa kusema pale majibu hayo mawili yanapoachana njia.

Nitatumia zaidi The Lion King ya mwaka 1994 na Toy Story ya 1995, kwa kuwa wengi wamezitazama, na nitagusa kidogo Soul ya 2020. Hatua zenyewe unaweza kuzipeleka kwenye filamu yoyote.

Hatua ya 1: Itazame peke yako kwanza

Usiwaketishe watoto mbele ya filamu ambayo wewe mwenyewe hujaimaliza. Sababu ya kwanza iko wazi: unataka kujua kama kuna picha za kutisha au maneno yasiyowafaa umri wao. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Mtu anayetazama mara ya kwanza huvutwa na hadithi, na ni vema avutwe. Huwezi kuvutwa na kuchunguza kwa wakati mmoja. Hizi ni filamu fupi, The Lion King haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo tenga jioni moja uitazame ukiwa na daftari.

Andika majibu ya maswali manne tu:

1. Nani anampa mhusika mkuu jina lake au nafasi yake?
2. Anaamini uongo gani kujihusu, na nani aliupanda?
3. Nani anamwambia kweli, na kweli hiyo inatoka wapi?
4. Akishajua yeye ni nani, anakwenda kufanya nini, na kwa faida ya nani?

Swali la pili ndilo lenye utajiri, na ndilo ninalokusihi usiliruke. Fungua Mathayo 3 na 4 uone. Yesu anapobatizwa, sauti kutoka mbinguni inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Wakati huo hajahubiri, hajaponya mtu, hajamwita mwanafunzi hata mmoja. Jina la Mwana linatangulia kazi. Na jambo la kwanza linalofuata ni jangwa, na neno la kwanza la mjaribu ni hili: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Mjaribu hakuanza na mkate. Alianza na utambulisho.

Karibu kila filamu nzuri ya familia ina "ukiwa" yake. Katika The Lion King, mfalme Mufasa anapokufa, ndugu yake Scar anamshawishi Simba, mwana wa Mufasa, kwamba yeye Simba ndiye aliyesababisha kifo hicho, kisha anamwambia akimbie asirudi kamwe. Mtoto anaamini. Kuanzia hapo kila anachokifanya, hata kucheka kwake, kinasimama juu ya uongo huo. Katika Toy Story, mwanasesere Buzz Lightyear anaamini kwamba yeye ni askari halisi wa anga za juu, na uongo wake ni wa kujipandisha. Hii ni tofauti ya maana sana. Kuna watoto waliokwama kwa sababu wamejidharau, na kuna waliokwama kwa sababu wamejenga maisha juu ya sifa wasizonazo. Ukijua mhusika wako yuko upande gani, utajua pia ni mtoto yupi kati ya wako anayeguswa zaidi na filamu ile.

Hatua ya 2: Chagua tukio moja, wala si filamu nzima

Wengi hukosea hapa. Wanataka kila kitu kifundishe: mfalme ni Mungu Baba, fisi ni mapepo, nyani ni Roho Mtakatifu, mvua ya mwisho ni uamsho. Watoto hupotea, na jambo baya zaidi ni kwamba hujifunza kwamba Biblia ni kitu cha kulazimisha juu ya vitu vingine. Chagua tukio moja lililobeba uzito wa filamu, dakika tano au sita, ukae nalo.

Katika The Lion King tukio hilo ni lile la usiku kwenye kidimbwi. Simba amekua. Anaishi mbali na kwao, pamoja na marafiki wapya, Timon na Pumbaa, kwa wimbo wa hakuna matata. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna faida hapa ambayo watazamaji wengine hawanayo. Tunajua mara moja kwamba nyani mzee anaitwa Rafiki, na kwamba kupumbaa ni kubaki umezubaa, akili zimekutoka. Simba amekwenda kuishi na mapumbao, akayaita amani. Waulize watoto maana ya majina hayo, wataliona wenyewe kabla hujalieleza.

Rafiki anamkuta, anamwongoza hadi kwenye maji, anamwambia atazame. Simba anaona sura yake tu. Anaambiwa atazame zaidi, na sura inageuka kuwa ya baba yake. Kisha Mufasa anamtokea mawinguni, na maneno yake yana hoja mbili: umenisahau mimi, kwa sababu umejisahau wewe, kumbuka wewe ni nani, u mwanangu.

Tulia hapo. Usikimbilie fundisho. Jiulize kwanza kwa nini tukio hili linawaliza hata watu wazima. Nadhani ni kwa sababu Simba hakupewa jambo jipya. Hakuambiwa awe mtu mwingine. Alikumbushwa yeye ni wa nani, na kwamba kukimbia kwake kote hakukufuta jambo hilo.

Katika Toy Story tukio ni lile la chumbani kwa Sid, mtoto wa jirani. Buzz ameona tangazo kwenye runinga, ametambua kwamba yeye ni kitu cha kuchezea kilichotengenezwa kwa wingi. Amejaribu kuruka, ameanguka, mkono umeng'oka. Hana tena sababu ya kuhangaika. Woody, mwanasesere mwenzake, naye akiwa amenaswa chini ya kreti, anamwambia kwamba katika nyumba ya pili kuna mtoto anayemwona kuwa wa ajabu, na si kwa sababu ya kuwa askari wa anga, ni kwa sababu yeye ni mwanasesere wa mtoto huyo. Buzz anageuza unyayo wake. Pameandikwa jina: Andy.

Hatua ya 3: Tafuta andiko linalosimama lenyewe

Kabla ya kuoanisha tukio na andiko, jipime hivi: je, ningeweza kulifundisha somo hili kutoka kwenye Biblia kama filamu hii isingekuwapo? Kama jibu ni hapana, basi somo hilo limetoka kwenye filamu, na andiko ni pambo tu. Liache.

Soma sura nzima, usichukue mstari mmoja. Mfano ambao huwapoteza watu wengi ni Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani wala si ya mabaya." Hupenda kusomwa kwa vijana kama ahadi ya mafanikio ya haraka. Lakini hayo ni maneno ya barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari uliotangulia unawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Nabii anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji waliochukuliwa mateka. Ukilisoma hivyo, fundisho la kusudi linakuwa zito na la kweli zaidi: mtu anaweza kuwa mahali asipopachagua na bado awe ndani ya mpango wa Mungu. Kijana anayepitia mwaka mgumu anahitaji hilo kuliko ahadi ya ushindi.

Haya ni maandiko ninayoyarudia mara nyingi, kwa jinsi swali linavyokuja:

- Thamani yangu inatoka wapi? Mwanzo 1:27, na Zaburi 139:13–16.
- Mimi ni wa nani? Isaya 43:1, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Yohana 1:12.
- Kwa nini niko hapa, wakati huu? Esta 4:14, na Waefeso 2:10.
- Watu wananiona mdogo. 1 Samweli 16, hasa mstari wa 7. Yeremia 1:4–8.
- Nimeharibu. Je, bado nina nafasi? Luka 15:11–32, na Yohana 21, pale Petro anapoulizwa mara tatu.

Kwa tukio la Simba kidimbwini, wengi huchagua mwana mpotevu, na ni chaguo jema. Mimi huchagua Musa. Alilelewa katika nyumba ya Farao. Alikimbia kwa sababu ya kifo cha mtu. Akaishi ugenini, akichunga mifugo ya mkwewe, na kwa hesabu ya Stefano katika Matendo 7 ilipita miaka 40 kabla sauti haijamwita kutoka kijitini. Anapoambiwa arudi, anauliza swali lile lile la kila mhusika wa filamu: "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?"

Sasa tazama jibu. Mungu hamwambii, wewe ni shujaa. Hamwambii, wewe ni mtoto wa jumba la kifalme, unaijua lugha yao, umeandaliwa. Anamjibu, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe" (Kutoka 3:12). Musa anauliza yeye ni nani, anajibiwa ni nani atakayekuwa pamoja naye. Kama ungekuwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu katika jioni nzima, ningekuomba lifundishe hilo.

Hatua ya 4: Onyesha pale njia zinapoachana

"Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:21). Kujaribu ni kazi, na watoto wanapaswa kutuona tukiifanya kwa heshima, bila kuibomoa filamu waliyoipenda.

Mpasuko wa kwanza unapatikana katika filamu nyingi: jibu liko ndani yako, usikilize moyo wako. Yeremia 17:9 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Hapa uwe mwangalifu, usimfundishe mtoto kujichukia. Mwambie hivi: moyo wako unaweza kukwambia kweli kuhusu unachokitamani au kinachokuumiza, na Mungu anataka kuyasikia hayo, lakini haukuumbwa uwe dira. Dira iko nje yako. Hata Simba, ukitazama vizuri, hakujikumbuka kwa kujichungulia. Ilibidi mtu aje amtafute, na sauti imwite. Filamu yenyewe inajua zaidi kuliko nyimbo zake.

Katika The Lion King kuna mengine mawili. La kwanza ni wafalme waliotangulia kuwatazama walio hai kutoka nyotani. Lieleze kwa sentensi mbili: tunawaheshimu waliotutangulia na tunashukuru kwa ajili yao, lakini anayetuongoza na kutulinda ni Mungu aliye hai. Inatosha.

La pili ni zito, na sijasikia likisemwa mara nyingi. Simba anaponywa hatia yake kwa kugundua kwamba hakufanya kosa. Scar anakiri mwenyewe kwamba ndiye aliyemuua Mufasa, na mzigo unaanguka. Ni furaha kubwa, nasi tunafurahi naye. Lakini vipi mtu ambaye kweli alifanya? Musa hakusingiziwa, alimpiga Mmisri akamficha mchangani. Petro hakusingiziwa, alimkana Bwana kwa kinywa chake. Filamu haina neno kwa mtu huyo. Injili ndiyo inayo, na habari yake ni njema kupita ile ya Simba: yupo aliyelibeba kosa ulilolifanya kweli kweli, na bado anakuita mwana. Kwa vijana wenye siri nzito, tofauti hii inaweza kuwa ndiyo sababu yote ya ninyi kuketi pamoja usiku ule. Iseme taratibu, uitazame kapeti au dirisha, usimtazame mtu yeyote usoni.

Katika Toy Story mpasuko ni wa namna nyingine, na ni mzuri sana kufundishia. Thamani ya Buzz inatoka kwa jina lililoandikwa unyayoni, na hapo filamu imekaribia sana Isaya 43. Lakini Andy ni mtoto. Atakua, na katika filamu ya tatu ya mfululizo huo, ya mwaka 2010, anajiandaa kwenda chuoni na wanasesere wanabaki na hofu ya kuachwa. Mwenye jina anaweza kuondoka. Sasa soma Isaya 49:15–16. Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, anakubali kwamba hilo laweza kutokea, kisha anasema, "lakini mimi sitakusahau wewe. Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Katika filamu, jina la mmiliki liko kwenye mwili wa mwanasesere. Katika Isaya, Mmiliki ndiye aliyetuchora mikononi mwake. Waache watoto waigundue tofauti hiyo wenyewe. Ukiisema wewe umewanyang'anya furaha.

Soul inahitaji neno moja la tahadhari: inazionyesha roho zikiishi mahali fulani kabla ya kuzaliwa, na imani yetu haifundishi hivyo. Ukishalisema, una hazina. Joe Gardner, mwalimu wa muziki, anadhani amezaliwa ili awe mpiga piano maarufu wa jazi. Anafika jukwaani, anapiga vizuri ajabu, onyesho linakwisha, naye anabaki akiuliza kinachofuata ni nini. Weka hapo Wakolosai 3:23 na 1 Wakorintho 10:31, uwaulize vijana kama kusudi la mtu na kazi yake ni kitu kimoja.

Hatua ya 5: Tazameni bila kukatiza

Hii ni fupi. Weka rimoti mbali. Niliwahi kusimamisha filamu mara tatu ili nieleze, na mara ya tatu niliona macho ya watoto yamekwisha kutoka chumbani. Hadithi iliyokatwakatwa haifanyi kazi yake. Kabla ya kuanza, wape jambo moja tu la kushika: "Angalia ni nani anayemwambia mhusika ukweli kuhusu yeye ni nani." Omba kwa kifupi, kisha kaa kimya na ufurahie nao. Wakiona unacheka panapochekesha, watakuamini baadaye utakaposema jambo zito.

Kama muda ni mdogo, au ni kipindi cha kanisani, simulia hadithi kwa dakika tatu kisha onyesha tukio ulilolichagua peke yake. Kumbuka kwamba kuonyesha filamu hadharani kunaweza kuhitaji leseni. Ulizia kabla ya kualika watu, kwa kuwa hatuwezi kufundisha uaminifu kwa kitu tulichokitumia bila haki.

Hatua ya 6: Uliza, kisha nyamaza

Ubora wa mazungumzo utategemea maswali, na zaidi utategemea ukimya wako baada ya kuuliza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kuongeza neno. Swali ambalo jibu lake ni "Yesu" au "ndiyo" limekufa kabla halijazaliwa. Anza na hadithi yenyewe, uende moyoni, ufike kwenye andiko. Kwa mfululizo huo.

Watoto wadogo, wa miaka minne hadi saba, waulize wanachokiona na wanachokisikia moyoni. Simba alihuzunika lini? Nani alimsaidia? Buzz aliona nini chini ya mguu wake? Kisha mstari mmoja tu, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," usomwe mara kadhaa huku kila mtoto akiwekewa jina lake ndani yake. Dakika 10 zinatosha.

Wa miaka minane hadi 12 wanaweza kuhoji. Kwa nini Simba alimwamini Scar? Je, hakuna matata ni kweli au ni kukimbia? Musa na Simba wanafanana wapi, na wanaachana wapi? Wape Kutoka 2 na 3 wasome kwa zamu, wachore mstari katikati ya karatasi, waandike upande huu na ule. Hapa ndipo nimesikia majibu mazuri kuliko ya vitabu vya walimu.

Vijana usiwaulize kuhusu filamu kwa muda mrefu. Wao wanajua unakokwenda. Waulize: ni sauti ya nani inayokwambia wewe ni nani, siku nyingi za wiki? Wengine watasema alama za mtihani. Wengine, simu. Wengine watasema jambo ambalo mzazi aliwaambia wakiwa na miaka tisa. Usisahihishe. Mtu anayekuonyesha jeraha hataki kusahihishwa sarufi. Msikilize hadi mwisho, kisha mwulize kama angependa kusikia Mungu anasema nini juu ya jambo hilo hilo.

Na wewe jibu pia. Kama wewe ni mzazi, waambie wanao uongo ulioamini ulipokuwa wa umri wao. Kwa kiasi, bila kuwabebesha mizigo yako, lakini kwa kweli.

Hatua ya 7: Lipeni somo miguu

Kumbukumbu la Torati 6:7 inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Mazungumzo ya jioni moja ni mbegu tu. Chagueni tendo moja dogo kwa wiki, lenye uhusiano na tukio. Baada ya Toy Story, mtoto anaweza kuandika jina lake kwenye kiganja cha karatasi alichokikata na kukiweka ndani ya Biblia kwenye Isaya 49. Baada ya The Lion King, rudini kwenye swali la nne la daftari: Simba alipojua yeye ni nani, hakukaa kando ya maji akijifurahia. Alirudi kwenye nchi iliyokauka, kwa watu waliokuwa na njaa. Waefeso 2:10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema." Basi familia iulizane: nani ana njaa karibu nasi, ya chakula au ya neno zuri, na nani wetu ataenda?

Baada ya siku tatu au nne, mkiwa mnaosha vyombo au mkitembea, rudisha swali moja. Mara nyingi jibu la kweli hutoka hapo, wala si usiku wa filamu.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo

Filamu hizi hupenda kumpa mtoto utambulisho wake kupitia sauti ya baba. Katika kundi lolote kuna uwezekano wa kuwa na mtoto ambaye baba yake amefariki, au aliondoka, au yupo na sauti yake inaumiza. Tukio la mawinguni linaweza kumpasua mtoto huyo. Usiliondoe kwa ajili hiyo, lakini jua mapema ni nani, na ukae karibu naye wakati wa kutazama. Katika mazungumzo usimwulize mbele ya wenzake baba yake humwita nani. Usiseme "Mungu ni kama baba yako." Sema alivyo Mungu kwa maneno ya Maandiko yenyewe.

Wengine wakiondoka, mtafute. Kaa naye kando, si mbele yake. Kama anataka kulia, mwache alie. Kama anataka kunyamaza, nyamaza naye. Akikuuliza, au ukiona yuko tayari, msomee Zaburi 27:10, mara moja tu na bila kuongeza ufafanuzi: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Kisha mwulize kama angependa mje kuzungumza tena wiki ijayo, na wiki ijayo uwepo.